Nampunguza Mdogo Wangu Mwendo, Naye Anadhani Amekuwa Mwoga

Mshauri wetu wa Jumamosi, salamu kwako na kwa wote wanaokusoma. Naomba unisikilize mpaka mwisho kabla ya kunihukumu, maana jambo hili sijamwambia mtu, hata mke wangu ambaye huwa simfichi kitu, na barua hii nimeianza mara tatu nikaichana.

Mimi ni fundi wa pikipiki, mwanaume wa miaka thelathini na tisa, na kazi yangu hasa ni matairi na shokapu za pikipiki za mbio, zile mbio za kwenye lami zenye kona nyingi, siyo za matopeni. Kwa mama yetu tumezaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kike aliyenifuata baada ya miaka tisa, nami ndiye niliyemshikia baiskeli akijifunza, ndiye niliyempandisha pikipiki mara ya kwanza, ndiye niliyemtengenezea ile aliyoanzia mashindano, na watu wa uwanjani wanamwita Mkasi kwa jinsi anavyozikata kona, kwa sababu wenzake wanaingia kona kama mtu anayepita chumba alicholala mtoto mchanga, lakini yeye anaingia kama mwenye nyumba.

Kwa kuwa huenda huijui kazi yetu, nieleze kidogo ili ujue kosa langu liko wapi. Kabla ya mbio tunachagua tairi, na tairi laini linashika lami vizuri ila linaisha upesi, tairi gumu linadumu ila linataka joto jingi ndipo lishike, kwa hiyo ukikosea unaweza kumaliza mbio tairi likiwa limekwisha kabisa, au ukazianza kama mtu aliyekanyaga sabuni. Halafu kuna shokapu, ambayo ina skrubu ndogo, ukiizungusha inalia kliki, na kila kliki inaamua springi ikishabanwa irudi juu haraka au polepole. Watu wa majukwaani wanadhani mbio ni injini, lakini sisi wa chini tunajua kwamba mbio nyingi zimeamuliwa na kliki mbili ambazo hakuna aliyeziona.

Mwaka juzi mdogo wangu alianguka. Halikuwa kosa lake wala langu, pikipiki iliyokuwa mbele yake ilimwaga oili katikati ya kona, yeye akafika wa kwanza kuikanyaga, akavunjika nyonga na mfupa wa bega, akalala kitandani wiki saba. Siku ile ya kwanza hospitalini mama alikuwa amesimama kwenye korido ameshika mfuko wa plastiki wenye buti za mwanawe, hataki kuuweka chini wala kumpa mtu, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Wewe ndiye unayemtengenezea hiyo pikipiki. Nikimkataza mimi atasema nimezeeka. Ukimkataza wewe atatafuta fundi mwingine. Mpunguze mwendo, mwanangu. Asijue tu." Nami nikamwambia, "Sawa, mama."

Mshauri, nilidhani ni maneno ya korido, yale ambayo mtu anakubali ili mwenzake apumue. Lakini baada ya miezi minane mdogo wangu aliporudi kazini, akavaa ile suti yake ya ngozi iliyoshonwa upya begani, mkono wangu wenyewe ukaanza kufanya nilichomwahidi mama. Nilimfungia tairi gumu nyuma siku ambayo kila fundi mwenye akili alifunga laini, nikamwambia laini lingemwishia kabla ya mizunguko ya mwisho. Kisha nikaongeza kliki sita kwenye shokapu ya nyuma ili springi irudi polepole, na ikirudi polepole nyuma kunabaki kumechuchumaa, mbele panakuwa pepesi, dereva akifungua mafuta kutoka kwenye kona pikipiki inakwenda nje badala ya kukata, kwa hiyo dereva mwenye busara anasubiri kwanza. Hilo ndilo nililotaka, asubiri.

Alilijua siku ileile. Alikuja kutoka mazoezini, akavua helmeti, akaniambia, "Kaka, inanisukuma nje. Nikifungua tu, mbele panakuwa pepesi." Yaani aliisoma kama vile ameifungua shokapu akaangalia ndani. Nami nikamjibu nikiwa nafuta mikono kwa kitambaa, "Ni wewe. Unafungua mapema. Umekaa muda mrefu, mwili umesahau."

"Unadhani?"

"Najua."

Akaniamini, kwa sababu tangu azaliwe sijawahi kumdanganya kuhusu pikipiki. Kuhusu mambo mengine ndiyo, kaka na dada hawakosi, lakini pikipiki hapana.

Basi mwaka mzima umepita hivyo. Mtu aliyekuwa hatoki kwenye watatu wa mwanzo amekuwa wa saba, wa tisa, wa kumi na moja. Kila akilalamika namrudishia yeye lawama, kwa upole, na mwishowe akaacha kulalamika. Mama amenenepa, anaimba jikoni. Miezi miwili iliyopita, kwenye mbio za asubuhi, lami ikiwa bado ya baridi, tairi la nyuma lilimtoka kwenye kona ya pili ya mzunguko wa kwanza akalizuia kwa goti, sijui hata alifanyaje, nashukuru hakuanguka na mbio ziliendelea vizuri.

Sasa kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Wiki iliyopita timu moja kubwa ilimwandikia, inataka aende akajaribiwe, kitu alichokuwa anakiota tangu ana miaka kumi na sita. Ijumaa mchana alikuja karakana, akakaa juu ya matairi niliyoyapanga karibu na mlango, akanipa karatasi. Ni majibu yake. Mimi ndiye mwenye mwandiko na herufi nzuri katika familia yetu, akataka niyapitie. Ameandika kwamba anawashukuru sana lakini hatakwenda, kwa sababu tangu alipoanguka amepoteza mkono wake wa mbio na hataki kuwapotezea muda.

"Usibadilishe maneno," akaniambia. "Rekebisha herufi tu." Kisha akasema atamaliza mbio za mwisho wa msimu halafu ataitundika helmeti. Alikuwa ametulia, anabandua tope kavu kwenye soli ya kiatu. "Afadhali nimejijua mwenyewe kabla sijaambiwa. Hivi kaka, wewe uligundua lini kwamba nimekuwa mwoga?"

Nilimwambia natafuta spana, nikatoka, nikasimama nyuma ya karakana nikiwa na spana mkononi.

Barua yake ninayo hapa. Anaitaka Ijumaa ijayo. Nikinyamaza, ataacha mbio kwa hiari yake, mama atatulia, na mimi sitamwona tena mdogo wangu akibebwa kwenye machela. Nikisema, nitampoteza, siri ya mama itatoka, na akirudi kwenye mwendo wake wa zamani akaanguka, itakuwa ni mkono wangu uliomrudisha. Kuna pia wazo la tatu, ambalo nalionea aibu ila nakuandikia: nirudishe zile kliki sita kimyakimya, nimfungie tairi laini, aamke siku moja akute mkono wake umerudi, na hakuna atakayejua kitu. Mshauri, naomba uniambie lipi ni jema kati ya haya, maana mimi nimeshindwa kulala na hili na nimeshindwa kulisema.

Fundi wa springi

*

Fundi,

Nimekusoma mpaka mwisho, na Ijumaa yako iko karibu, kwa hiyo majibu haya nakutumia kwa posta kwanza, gazeti litasubiri.

Mimi chombo pekee cha magurudumu mawili nilichowahi kukipanda ni baiskeli ya kaka yangu, na ilinitupa. Kwa hiyo kabla ya kukujibu nilimfuata fundi mmoja mstaafu anayekunywa chai jirani na ofisi yetu, ambaye alifunga matairi ya mbio kabla wewe hujajua kushika spana. Sikumtajia mtu. Nilimsomea maelezo yako ya kazi tu. Alinisikiliza akiwa anakoroga kikombe, kisha akauliza swali moja: "Hilo tairi gumu, alitoka nalo asubuhi ya baridi?" Nikamwambia ndiyo. Akaweka kijiko chini. "Basi huyo hakumpunguza mtu mwendo. Alikuwa anamtafutia ajali ya pili. Tairi gumu lisilo na joto halishiki kitu. Na ukiwa na shokapu iliyochuchumaa, likikutoka huna namna ya kulirudisha. Huyo dereva ni hodari kuliko fundi wake anavyostahili."

Wewe unayajua haya kuliko mimi. Ndiyo maana ulilipitia tukio lile harakaharaka, ukaniandikia kwamba mbio ziliendelea vizuri. Hazikuendelea vizuri, fundi. Ulimwona mdogo wako akikaribia kufa juu ya kazi ya mikono yako, ukaandika neno "vizuri" ili usilitazame. Litazame.

Sasa nikuambie na upande wa pili, maana mimi si hakimu. Ningekuwa kwenye korido ile, mbele ya mama aliyeshika buti za mwanawe asitake kuziweka chini, huenda hata mimi ningesema "Sawa, mama." Hofu yenu ni ya kweli na haina aibu. Mama yako aliomba kitu asichokijua. Hajui kliki ni nini, hajui tairi gumu linataka joto. Wewe ulijua, na ulikubali kwa niaba ya mtu wa tatu aliyekuwa amelala mlango wa pili, hajaulizwa.

Lakini kosa lako kubwa halipo hata kwenye shokapu. Lipo kwenye maneno mawili, "Ni wewe." Dada yule alikuja na habari sahihi kutoka kwenye mwili wake, wewe ukamwambia mwili wake unadanganya. Akaja tena, ukamwambia tena. Leo anakuuliza amekuwa mwoga lini. Mtu anayeendesha kwa kasi ile anaishi kwa kuuamini mwili wake, na wewe umemvunja hapo, mahali ambapo hospitali haina picha ya kupiga.

Kwa hiyo lile wazo lako la tatu litupe, na usilifikirie tena. Kwanza, kumpa dereva pikipiki iliyobadilishwa bila kumwambia ni hatari, hilo sihitaji kumwuliza mstaafu. Pili, ungemrudishia mwendo huku ukimwacha akiamini kwamba mwaka mzima alikuwa mwoga kweli, na wewe ungebaki kaka mwema aliyemsubiri apone. Hustahili nafasi hiyo.

Na kunyamaza nako usiniambie ni kumlinda. Akiacha mbio kwa sababu amechoka, au kwa sababu anaipenda nyonga yake, hiyo ni haki yake. Akiacha kwa sababu ya uongo wako, umemwachisha wewe.

Utafanya hivi. Kwanza nenda kwa mama, mwambie kwamba unakwenda kusema. Usimwombe ruhusa, mpe taarifa, asije akaisikia kwa mtu mwingine. Kisha mwite mdogo wako karakana mchana, pikipiki ikiwa kwenye stendi, uwe na bisibisi mkononi ili umwonyeshe kila kitu kilipo. Mwambie kliki ngapi, tairi gani, tangu lini, mbio zipi. Anza na lako. Usianze na mama, wala na machozi, wala na jinsi unavyompenda. Akikuuliza kwa nini, hapo ndipo umwambie neno ambalo katika barua yote hii hujawahi kumwambia usoni: kwamba uliogopa. Ungelisema mwaka juzi, mngegombana siku mbili mkamaliza.

Mrudishie barua yake kama alivyoiandika. Kuipeleka au kutoipeleka ni juu yake. Usimwombe msamaha ukitaka akujibu siku hiyohiyo, wala usiiguse pikipiki yake tena mpaka akuombe mwenyewe. Akitafuta fundi mwingine, mpe huyo fundi vipimo vyote vya kweli, kisha nyamaza. Na akirudi kwenye mwendo wake, utakaa na hofu yako kama ndugu wote wa waendesha pikipiki wanavyokaa na zao. Hofu hiyo ni mzigo wako, usimfungie yeye kwenye shokapu.

Nenda kabla ya Ijumaa.

Mshauri wenu

*

Wiki sita baadaye nilipokea hii. Naichapa pamoja na zile mbili kwa ruhusa ya fundi na ya mdogo wake, ambaye ndiye aliyesema tusifute kitu.

Mshauri,

Nilikwenda kwa mama siku niliyopata majibu yako. Alikuwa anakunja nguo. Nilipomaliza kusema aliendelea kukunja mpaka kikapu kikaisha, kisha akasema, "Mimi ndiye niliyekuomba. Nitakuwepo." Nikamwambia si lazima. Akavaa viatu.

Mdogo wangu alipofika karakana akamkuta mama amekaa kwenye benchi la spana, akacheka, akauliza nani kafa. Nikamwambia kama ulivyoniagiza, nikaanza na langu. Nilimwonyesha skrubu.

"Kliki ngapi?" akauliza.

"Sita."

"Tangu lini?"

"Tangu uliporudi."

"Kila mbio?"

"Kila mbio. Na tairi pia. Ulipokuwa unaniambia inasukuma nje, ilikuwa inasukuma nje."

Mama akajaribu kuingilia kati, akasema, "Mwanangu, mimi ndiye..." Mdogo wangu akamwambia kwa heshima, "Mama, nakusikia. Nitazungumza na wewe pia. Ngoja kwanza nimalizane na huyu." Akanichukulia bisibisi mkononi, akachuchumaa, akazirudisha mwenyewe kliki zote sita, moja moja, akizihesabu kwa sauti. Kisha akakaa chini palepale sakafuni akalia. Sijamwona akilia hivyo hata siku ya nyonga. Nilimwambia niliogopa. Akasema, "Hata mimi nilikuwa naogopa, kaka. Kila siku. Ndiyo maana nilihitaji mtu wa kuniambia ukweli wa pikipiki."

Alichukua barua yake, akaikunja, akaondoka nayo.

Mbio za mwisho wa msimu alitengenezewa pikipiki na fundi mwingine, nami nilimpa vipimo vyote kama ulivyosema. Mimi na mama tulikaa jukwaani na watazamaji, mara yangu ya kwanza kuziona mbio kutoka juu. Tairi alichagua mwenyewe, laini nyuma. Mama alifumba macho kwenye kila kona, nikawa namwambia akishaivuka, "Ametoka," halafu, "Ametoka," mpaka mwisho. Alikuwa wa nne. Aliposhuka hakuja kwetu kwanza, alikwenda kukaa peke yake nyuma ya gari la vifaa, na nilipomwona kwa mbali alikuwa anatazama mikono yake miwili.

Timu ile aliiandikia barua nyingine, na hiyo hakunipa nirekebishe herufi. Alikwenda kujaribiwa mwezi uliopita. Wamemchukua, ila msimu wa kwanza atakuwa wa akiba, na amekubali.

Karakana alirudi baada ya siku ishirini na tatu. Alisimama mlangoni akasema pikipiki yake ya mazoezi inahitaji tairi la mbele, kama nina nafasi. Nikasema ninayo. Sasa ananiachia matairi. Shokapu bado, na simwulizi lini. Nikishajaza upepo, anaichukua geji anapima tena mwenyewe, ananitajia namba, nami naiandika ubaoni. Sioni vibaya. Jana namba yake ilitofautiana kidogo na yangu. Tuliandika ya kwake.